Hita ya Akiba Isiwake Kimyakimya

Pampu ya joto inayopasha maji ya kuoga katika nyumba ya wageni hapa Nakuru inaweza kuugua kwa miezi kadhaa bila mgeni hata mmoja kulalamika, kwa sababu ndani ya tangi mna hita ya umeme inayoingia kazini pampu inaposhindwa. Mimi ni fundi wa friji na pampu za joto, na nimefikia msimamo kwamba hita hiyo isiruhusiwe kamwe kuwaka bila mwenye nyumba kujua.

Mwezi wa Julai niliitwa na mama anayeendesha nyumba ya wageni upande wa Milimani. "Fundi, maji ni moto asubuhi na jioni," aliniambia, "lakini bili ya stima imetushinda." Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado halijagusa paa, nikakuta koili ya nje, yaani mabomba yanayochota joto hewani, imevikwa barafu nyeupe kutoka chini hadi juu, kompresa inayosukuma gesi imejizima kwa sababu ya presha kushuka mno, na kontakta, yaani swichi inayopeleka umeme kwenye hita, imeshika. Hita ya kilowati 6 ndiyo iliyokuwa ikibeba mzigo wote.

Wengi huuliza barafu inatoka wapi katika mji usio na theluji. Pampu huchota joto kutoka kwenye hewa, na ili iweze kulichota ni lazima gesi iliyo ndani ya koili iwe baridi kuliko hewa hiyo, mara nyingi kwa nyuzi 10 hivi. Alfajiri ya Julai hewa yetu hushuka hadi kukaribia nyuzi 10, na siku nyingine chini yake, kwa hiyo koili hukaa karibu na sifuri hata ikiwa safi. Ikishika vumbi, inavuka mpaka na unyevu unaanza kuganda. Tena tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya Mombasa, na feni ileile inaleta joto pungufu. Kule Molo, takriban mita 2,500, hali ni ngumu zaidi. Kisumu sijawahi kuona koili ya mashine ya maji ikiganda.

Mashine imeundwa kujitibu. Sensa mbili za kupima joto, moja ya hewa na moja ya koili, huiambia bodi inayoongoza mashine kwamba barafu imejijenga. Valvu ya njia nne inageuza mkondo wa gesi, feni inasimama, gesi ya moto inapelekwa kwenye koili ya nje, na barafu inayeyuka kwa dakika chache. Katika mashine ya mama huyu, sensa ya koili, kitu kidogo kisichozidi punje ya mahindi, ilikuwa imechomoka kwenye kishikizi chake na kuning'inia hewani. Ilipima hewa ya asubuhi, bodi ikaamini kwamba koili haina shida, na barafu ikaendelea kunenepa. Niliirudisha sensa mahali pake, nikaifunga kwa utepe wa alumini na kuizungushia sponji ya kuzuia hewa, kisha nikaiamuru bodi iyeyushe. Valvu iligeuka kwa kishindo, mvuke ukapanda, na vipande vya barafu vikaanza kudondoka kwenye sakafu ya saruji.

Hasara yake inahesabika. Kupasha lita 500 kutoka nyuzi 18 hadi 55 kunahitaji takriban yuniti 21 na nusu za umeme kwa hita, wakati pampu yenye afya, inayotoa joto mara tatu ya umeme inaokula, ingetumia yuniti 7 na kidogo. Tofauti hiyo ililipwa kila siku, na maji yakawa moto vilevile. Ndiyo maana siikubali hoja ya wauzaji kwamba hita inayojiwasha yenyewe ni huduma kwa mteja.

Hata sababu inayotolewa ya kuiwasha wakati wa kuyeyusha barafu haifai hapa. Katika nchi za baridi kali, pampu inayopasha hewa ya nyumba ikigeuza mkondo hupuliza hewa baridi sebuleni, na ni haki hita isaidie. Sisi tunapasha maji yaliyo tangini. Kilo 3 za barafu huyeyuka kwa takriban kilojuli 1,000, na joto hilo likitolewa lote kwenye lita 500, maji hupoa kwa nusu ya nyuzi tu. Hakuna mkono wa mwanadamu utakaoitambua tofauti hiyo bafuni, lakini mipangilio ya kiwandani inayoiwasha hita huachwa ilivyo kwa sababu fundi aliyefunga mashine hakufungua ukurasa wa mipangilio.

Sisemi hita iondolewe. Inahitajika kompresa ikiharibika, na inahitajika pia kupandisha tangi hadi nyuzi 60 mara kwa mara ili kuua lejionela, bakteria wa majini wanaoleta homa ya mapafu, hasa mahali panapolala wageni. Ninachodai ni kwamba iwe na swichi yake, mita yake ndogo, na taa nyekundu mahali ambapo watu hupita, wala si nyuma ya tangi juu ya paa.

Kwa mama yule nilifunga taa hiyo kwenye ukuta wa mapokezi, kando ya ubao wa funguo. Wiki ya tatu alinipigia simu jioni: taa ilikuwa imewaka, na maji yalikuwa bado moto. Tulikuta koili imezibwa na majani yaliyopeperushwa na upepo, tukaiosha kwa mpira wa bustani, na taa ikazimika usiku huohuo.