Verger aliandika pia, msimpunje

Makala nzuri, ndugu mwandishi, ila umemwita Pierre Verger "mpiga picha wa Kifaransa" ukaishia hapo. Umempunja. Kuzaliwa alizaliwa Paris mwaka 1902, sawa, lakini tangu 1946 kwake kulikuwa Salvador, jimbo la Bahia, Brazil, na huko ndiko alikofia mwaka 1996.

Na kuandika kwenyewe hakukuanza kwa hiari! IFAN, taasisi ya utafiti ya Wafaransa kule Dakar, ilimfadhili akafanye kazi Afrika Magharibi, naye akawapelekea negativu 2,000 hivi. Wakamwambia picha peke yake hazitoshi, aandike alichokiona. Akaandika shingo upande, na tangu hapo kalamu haikumtoka mkononi. Huyu aliyeacha shule akiwa na miaka 17 alikuja kupata udaktari Sorbonne mwaka 1966, kwa utafiti juu ya biashara ya watumwa kati ya Ghuba ya Benin na Bahia.

Halafu tazameni nyuso kwenye picha zake. Rolleiflex, kamera aliyoitumia, hushikwa usawa wa kifua, mpigaji anainama kutazama kioo cha juu, kwa hiyo kamera haimzibi uso. Nadhani ndiyo maana watu wake hawaonekani kama wameviziwa, tofauti na hawa wetu wa lenzi ndefu wanaompiga mtu picha toka ng'ambo ya barabara bila hata salamu.

Mkipata nafasi, tuandikieni habari za Ketu, Benin, alikofanywa babalawo, kuhani wa Ifa, ramli ya Wayoruba, mwaka 1953. Hiyo mmeiruka kabisa.