Tone la Rozela na Kanzu ya Mkwe

Kwa kuwa mshenga wangu ameshatangaza kwenye magrupu kwamba "nimemmwagia mzee juisi", acheni niseme mwenyewe. Sikummwagia. Tone liliondoka lenyewe.

Ukweni Muheza, Ijumaa, pilau imeshaliwa. Mzee kakaa barazani na kanzu nyeupe pee. Pembeni magimbi yamestawi. Nikajisemea, hapa ndipo elimu inapooa. Nikachuma jani.

"Baba, ona maajabu haya." Nikamweleza kuwa jani la gimbi lina vinundu visivyoonekana kwa macho, vimefunikwa nta, na hewa hubaki chini ya tone. Basi tone haliloweshi jani, linakaa juujuu, duara kama gololi. Pembe yake pale linapogusa jani huzidi nyuzi 150! (Hizo nyuzi nilizitamka kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Msinicheke bado.)

Ila jani lilikuwa na vumbi, nikalisugua katikati kwa kidole. Kidole cha pilau, wadau. Nta nimekwangua, mafuta nimepaka.

Nikadondosha rozela ili rangi ionekane. Nikainamisha jani. Tone kimya.

"Mbona haliviringiki, mwanangu?"

Nikaongeza kijiko. Nikaongeza kingine. Nikainamisha zaidi, upande wake, aone vizuri.

Tone likaanza kushusha tumbo. Mbele limevimba, nyuma limekonda, limeng'ang'ania alama ya kidole changu. Uzito unavuta, alama inashika. Ukingo wa nyuma ukaanza kutetemeka. Jamani, muda wa kugeuza jani nilikuwa nao! Nikautumia kusema, "Sasa tazama, baba."

Likaachia. Lilipofika kwenye nta nzima halikugusa breki, likaruka ukingo, likatua mapajani mwa mzee. Juu ya mapaja, kusema kweli. Na kanzu ya pamba haina nta: wekundu ukatambaa uzi kwa uzi, mimi naangalia, mzee anaangalia.

Ndipo nikainama nikaanza kusugua. Nyie! Nasugua kwa bidii zote, mama mkwe anatokea na sinia la kahawa.

Yaliyobaki mafupi. Mzee akaingia ndani, mahari haikuzungumzwa, tukaaga, mshenga akacheka mpaka Segera. Jana kaniletea majibu: posa imekubaliwa, ila kwenye orodha ya mahari imeongezwa kanzu moja, nyeusi.