Kiti cha mwisho kigombewe uwanjani

Jirani yangu hapa Raleigh, Marekani, ana bendera nyekundu ya NC State, chuo kikuu cha mji huu, kwenye nguzo ya baraza, nami huisoma kama watu wa pwani wanavyousoma upepo. Ikiwa juu, mambo shwari. Mchana wa Mei 30, 2022, sikukuu ambayo Wamarekani huwakumbuka askari wao waliokufa vitani na nusu ya mtaa huwa inachoma nyama, bendera ilikuwa juu. Tulikuwa watu kama kumi barazani kwake, televisheni imegeuzwa itazame nje, tunasubiri zisomwe timu 64 za besiboli ya vyuo zitakazoingia mashindano ya taifa.

Shemeji yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Huyo ni mtu wa soka, besiboli anaiona kama rede ya watu wazima. Ila alikuwa ameshika jambo moja: siku iliyotangulia timu ya jirani ilicheza fainali ya ligi yao, ACC, kule Charlotte, ikapoteza kwa North Carolina, chuo kingine cha jimbo letu hilihili. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi. Timu imeshinda mechi 36, imefika fainali ya ligi kubwa, itakosaje nafasi?

Yakasomwa makundi yote 16, timu nne nne. NC State hawamo.

"Shemeji, hawa wametolewa au wamesahaulika?"

Nikaanza kumweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kukasirika mwenyewe. Karibu nusu ya nafasi huenda moja kwa moja kwa mabingwa wa ligi. Zilizobaki hugawiwa na kamati ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na kamati hiyo huangalia sana kipimo kiitwacho RPI. Robo ya kipimo hicho ni matokeo yako. Nusu ni matokeo ya uliocheza nao. Robo iliyobaki ni matokeo ya waliocheza na uliocheza nao. Yaani robo tatu ya alama zako zinapikwa jikoni kwa watu. Halafu tangu 2013 kuna nyongeza: ushindi wa ugenini unahesabiwa 1.3, wa nyumbani 0.7, ukipoteza ni kinyume chake, nyumbani inakuumiza 1.3 na ugenini 0.7.

Shemeji akatafuna mbavu yake polepole. "Kwa hiyo unaweza kumfunga mtu Jumanne ukashuka?"

Unaweza. Mkaribishe kibonde nyumbani katikati ya wiki, mtwange, na asubuhi ukiamka unakuta RPI yako imepungua. Ndiyo maana mtu akiniuliza msimu ukiwa lala salama kama timu fulani itaingia, siangalii kwanza imeshinda ngapi. Naangalia imeshinda wapi, na wale iliowashinda wanaendeleaje. Ukiwa ndani ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini mashariki, unaweza kupoteza wiki nzima na kipimo kikakuhurumia, kwa sababu waliokupiga nao ni wakubwa. Wanabebana.

Na aliyechukua kiti cha mwisho siku ile alitoka SEC: Ole Miss, Chuo Kikuu cha Mississippi. Kamati yenyewe ilisema hao ndio waliokuwa wa mwisho kuingizwa. Msimu ulipokuwa mchanga walikuwa namba moja nchini, kisha wakaporomoka hadi ushindi 7 na vipigo 14 ndani ya ligi yao. Wakajikongoja wakamaliza 14 kwa 16. Walipofika mashindano ya SEC wakatolewa mechi ya kwanza na Vanderbilt, wakarudi nyumbani kusubiri simu kama sisi tulivyokuwa tukisubiri televisheni.

Kilichofuata wengi wanakijua. Ole Miss walishinda mechi tatu mfululizo za kundi lao huko Coral Gables, Florida, hatua iliyofuata wakawapiga Southern Miss 10-0 na 5-0, wakafika Omaha, Nebraska, ambako timu nane za mwisho zimekuwa zikikutana tangu 1950. Mrushaji wao Dylan DeLucia akarusha mechi nzima dhidi ya Arkansas bila kuruhusu pointi hata moja. Juni 26 wakamaliza kazi na Oklahoma, 4-2. Mechi 11 za mtoano, wakapoteza moja.

Tangu hapo, kila nikilalamika kuhusu NC State hupewa jibu lilelile: kamati iliona mbali, si umeona walivyobeba kombe? Hapo ndipo nisipokubaliana na mtu. Kombe la Ole Miss halisemi chochote juu ya macho ya kamati. Linachosema ni kwamba katika mchezo huu umbali kati ya timu ya 64 na ya kwanza ni mdogo kuliko meza za takwimu zinavyoonyesha. Mwaka huohuo Tennessee walipangwa namba moja nchi nzima, walimaliza msimu wakiwa wameshinda 57 na kupoteza 9 tu, na Notre Dame wakawatoa palepale nyumbani kwao. Baada ya Miami kubeba kombe mwaka 1999 wakiwa wamepangwa namba moja, hakuna namba moja mwingine aliyelibeba hadi Tennessee hao hao mwaka 2024. Kama wa mwisho kuingia anaweza kuwa bingwa, basi walioachwa mlangoni je?

Tena NC State walikuwa wameshaonyesha. Mwaka 2021 Arkansas, namba moja wa mwaka ule, waliwachapa 21-2 mechi ya kwanza kati ya tatu za kuwania kwenda Omaha. Ishirini na moja kwa mbili! NC State wakarudi wakashinda 6-5, kisha 3-2, Jose Torres wao akiupiga mpira ukavuka uzio raundi ya tisa. Omaha walibakiza ushindi mmoja kuingia fainali, korona ikaingia kambini. Wakacheza na Vanderbilt wakiwa wachezaji 13, wakapoteza 3-1, na saa nane za usiku kwa saa zetu, Juni 26, tangazo likatoka kwamba hawaruhusiwi kuendelea. Mwaka mmoja kamili kabla ya kombe la Ole Miss. Jirani huitaja tarehe hiyo kama mtu anavyotaja tarehe ya msiba.

Ninachotaka si kikubwa. Mpira wa kikapu wa vyuo huwapeleka wale wa mwisho kule Dayton, Ohio, wapigane wenyewe kabla ya raundi ya kwanza. Besiboli nayo ifanye hivyo. Jumatano, mechi moja, Ole Miss na NC State, mshindi apande ndege.

Najua ubishi wake, na ni wa kweli. Mkono wa mrushaji si bomba la maji. Ukimtumia mrushaji wako bora Jumatano, Ijumaa unaingia kwenye kundi ambalo ukipoteza mara mbili unafungasha virago, na humpati tena hadi huenda mmeshatolewa. Atakayeshinda mechi hiyo anaweza kuwa amejimaliza. Lakini aulizwe yule aliyeachwa kama anaogopa hilo.

Mimi niliuliza. Jioni ile shemeji alikuwa amelala, jirani anazima mkaa, bendera ameshaikunja na kuiweka kitini. Nikamwambia, tuseme mngepewa mechi hiyo moja, ungemsimamisha nani arushe? Hakuinua hata kichwa. Akanitajia majina matatu, kwa mpangilio, na raundi ambayo kila mmoja angempisha mwenzake.