CD34 peke yake haitoshi, lakini tusikimbilie kuchuja

Casgevy, tiba ya selimundu kwa kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, huanza kwa kukusanya seli za mgonjwa zenye protini ya CD34 kwenye utando wake. Shida ni kwamba nyingi kati ya hizo si seli shina hasa, yaani zile zinazoendelea kutengeneza damu maisha yote. Ni seli tangulizi: zitatengeneza damu kwa majuma au miezi kadhaa, kisha zitakwisha.

Ndiyo maana mwaka 2017 watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutch, Seattle, walipendekeza tuchukue tu zile zenye CD34 na CD90 lakini zisizo na CD45RA; hizi mbili nazo ni protini za utando zinazotumika kama alama. Hesabu ya pendekezo hilo inavutia. Dozi ya chini ya Casgevy ni seli milioni 3 za CD34 kwa kila kilo, yaani milioni 180 kwa mtu wa kilo 60. Kundi la CD90 halifiki hata moja ya kumi ya hizo. Vimeng'enya vya kukata DNA na virusi vya kubebea jeni ni ghali mno, hivyo nafuu hiyo si ndogo.

Lakini kwa mgonjwa wa selimundu mambo yanabana mapema zaidi, kwenye ukusanyaji. G-CSF, dawa ya kawaida ya kuzitoa seli kwenye uboho, inaweza kumletea matatizo ya kutishia maisha, kwa hiyo hutumika plerixafor, dawa nyingine ya kuzitoa, na mara nyingi mkusanyo mmoja hautoshi. Kila hatua ya uchujaji inapoteza seli. Isitoshe, seli tangulizi tunazotaka kuzitupa husaidia kurudisha chembe nyeupe baada ya busulfan, dawa ya kemikali, kufuta uboho wa zamani. Hofu hii ina mipaka: Chuo Kikuu cha Stanford kiliwapa wagonjwa wa saratani ya matiti seli zilizochujwa kwa CD34 na CD90, na damu yao ilirudi. Ila wale hawakuwa na selimundu.

Halafu kuna usomaji wenyewe wa alama hizi, unaofanywa kwa kuzipaka seli rangi zinazong'aa na kuzipitisha kwenye mashine. CD90 hung'aa hafifu, haina mpaka ulio wazi kati ya seli zilizo nayo na zisizo nayo. Ipe rangi kali kama PE au APC, ondoa seli zilizokufa kwa 7-AAD (rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa), na panga mpaka kwa sampuli yenye rangi zote isipokuwa ya CD90. Ukiukadiria kwa macho, maabara mbili zitatoa asilimia tofauti kwa mfuko uleule wa seli. CD38, alama ambayo kukosekana kwake huchukuliwa kuwa dalili ya seli shina, nayo ni mtego: seli zikikaa kwenye kilishio (kimiminika cha kukuzia seli maabara) hushuka CD38 hata zisipokuwa shina, na hapo "CD38 hasi" haina maana tena.

Na alama si ushahidi wa kazi. Kundi la watafiti wa Toronto lililotumia alama nyingine, CD49f, mwaka 2011 lilipandikiza seli moja moja kwenye panya wasio na kinga, likangoja majuma mengi lione chembe za mieloidi na limfu, matawi mawili makuu ya chembe za damu, pamoja. Ukipima majuma 8 tu, unaweza kuzihesabu seli tangulizi kama shina.

Kwa sasa, CD90 ipimwe katika kila mfuko wa CD34 na matokeo yalinganishwe na hali ya mgonjwa mwaka mmoja baadaye. Kuichuja kwa selimundu kusubiri mpaka mkusanyo mmoja utoe seli za kutosha zenye ziada. Kwa magonjwa ambayo G-CSF inaruhusiwa na seli ni nyingi, majaribio yaanze huko.