Inchaji Mkali, Inchaji Asiyeonekana

Ukitaka kujua wodi inaongozwaje, iwe hospitali kubwa ya Mwanza mjini au kituo cha afya kisiwani Ukerewe, fungua chati za wagonjwa. Wagonjwa sita mfululizo wakiwa na presha 120/80 na joto 36.5, kwa mwandiko uleule, hapo hakuna aliyepima. Mimi siamini kwamba ni uvivu tu. Inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, akifoka mbele ya ndugu wa mgonjwa kwa kila nafasi iliyoachwa wazi, wauguzi hujifunza kujaza karatasi.

Chukua chumba cha kujifungulia. Partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, inadai mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila dakika 30. Mkunga mmoja mwenye akina mama wanne wa uchungu, na mmoja tayari anasukuma, hawezi. Inchaji mkali atauliza mapengo ni ya nini. Anayejua kuongoza ataazima mtu wodi ya waliokwisha kujifungua, au atavaa glavu mwenyewe.

Inchaji mpole asiyeonekana hupendwa, na ndiye ninayemhofia zaidi. Athari zake huibuka saa tisa usiku: mtungi wa oksijeni mtupu, ufunguo wa kabati la dawa umekwenda nyumbani Buswelu na aliyemaliza zamu, oksitosini, dawa ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, imelala mezani badala ya kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, toroli ya dharura haina adrenalini kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake ameagiza.

Kukabidhiana zamu kufanyike kitandani, si mezani. Waanze na walio hatarini: aliyepasuliwa leo, mtoto aliye kwenye oksijeni. Dripu imefikia wapi, dawa gani inafuata na saa ngapi. Kisha wawili wahesabu toroli na kusaini. Inchaji awepo asubuhi, aulize kwanza, "Usiku nini kiliwashinda?" Hapo ndipo atasikia dozi iliyokaribia kukosewa, jambo ambalo mkali haambiwi kamwe.

Zamu ya usiku isigeuzwe adhabu. Anayeadhibiwa hivyo huja amechoka, na anayeumia ni mgonjwa.

Amri nayo ina wakati wake. Mama akivuja damu baada ya kujifungua hakuna kujadiliana: huyu akande mfuko wa uzazi, yule achome oksitosini yuniti 10, mwingine atafute mshipa. Majadiliano ni kesho yake, bila kutafuta wa kulaumu.

Na ukongwe pekee usimpe mtu wodi. Kwanza apange ratiba na kusimamia makabidhiano kwa mwezi mzima, anayemwachia kiti akiwa bado yupo.