KUMFUNGA F.

Kwanza kabisa: sikupigwa. Yule jamaa yangu wa Gungu anayewasimulia kwamba nilikimbizwa na taulo mpaka stesheni ni mwongo. Sikuvuka hata geti. Na nilivaa bukta. Nimeamua kusema mwenyewe kwa sababu habari yake imeshafika Ujiji, na jana muuza mawese kaniita "mganga" huku akinipunguzia bei. (Bei nimeipokea. Jina sijalipokea.)

Mnaonifuata mnalijua kundi letu la Jumamosi pale Mwanga. Watano mezani, kete katikati, kila mtu na mhusika wake, mimi msimulizi. Mchezo wenyewe ni ule ulioanzia Marekani mwaka 1974, Dungeons & Dragons, ila sisi mazimwi tumeyahamishia Ziwa Tanganyika. Raha yangu mimi ni kubuni vifaa vya ajabu kutoka kwenye ngano za mataifa. Mwezi uliopita niliwapa fimbo ya Sun Wukong wa China, ile yenye uzito wa ratili 13,500 za Kichina, inayonywea ikawa sindano ya kuhifadhi sikioni. Wakaitumia kuchokolea meno. Kabla ya hapo nilileta sindano ya shaba ya Fumo Liyongo, aliyochomwa nayo kitovuni na mwanawe mwenyewe. Hiyo niliitengeneza kabisa, kwa waya wa shaba, nikaiviringishia kitambaa chekundu. Hicho kitambaa mkikumbuke, tutakutana nacho mbele.

Safari hii ilikuwa zamu ya Gleipnir, utepe uliomfunga Fenrir. Fenrir ni mbwa mwitu wa ngano za Skandinavia. Miungu walimwogopa, wakamtia pingu mara mbili, zote akazivunja kama mabua. Ndipo vibeti wakafuma utepe laini kama hariri kwa vitu sita visivyopatikana, na huo ukamshinda. Snorri Sturluson, Mwaisilandi wa karne ya 13, kavitaja vyote sita. Nikavinakili kwenye karatasi ya daftari ili kila mchezaji atumwe kimoja. Juu nikaandika kwa haraka: KUMFUNGA F.

F ni Fenrir. Lakini mama mwenye nyumba wangu naye jina lake linaanza na F. Na mimi nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili.

Karatasi ilidondoka uani nilipokuwa nakung'uta suruali. Aliyeiokota ni mjukuu wa mama, yuko darasa la pili, kusoma kunamsumbua, kwa hiyo bibi yake ameweka sheria: karatasi yoyote utakayoiokota, utaisoma kwa sauti.

Jumapili, saa tatu asubuhi. Mama yuko kwenye kigoda anapaa migebuka. Wapangaji watatu wamepanga ndoo bombani. Balozi kaja kukusanya hela ya taka. Mimi niko chumbani napiga mswaki, mlango nusu wazi.

"Ku... m... fu... nga. Kumfunga. F."

"F nani?"

"F tu, bibi."

Mswaki wangu ukasimama.

"Sa-u-ti... sauti ya nya-yo za pa-ka."

Kisu cha mama nacho kikasimama. Paka wake alikuwa hajaonekana tangu Alhamisi.

"Nde-vu..."

Jamani. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa yule mtoto ni hatua sita. Ningeweza kuruka, kuinyakua, hata kuitafuna. Miguu ikakataa.

"Ndevu za mwa... mwa-na..."

Akakwama. Nikamwomba Mungu amwache hapohapo, hata mwaka mzima. Balozi, kwa wema wake wa siku zote, akainama akamsaidia: "Mwanamke."

"NDEVU ZA MWANAMKE!" Mtoto kafurahi, kaisoma kama anajibu swali mbele ya mkaguzi.

Mkono wa mama ukaanza kupanda. Polepole. Una magamba ya mgebuka. Ukafika kidevuni, ukatulia. Pale kidevuni mama yetu ana nywele tatu. Kila mpangaji anazijua, na katika miaka yote hakuna aliyewahi kuzitaja, hata kodi ilipopanda. Watu watatu wa bombani wakageuka kwa pamoja kuutazama ukuta. Maji yakajaa, yakamwagika, hakuna aliyefunga.

Mtoto anaendelea na raha zake. "Mi-zi-zi ya mlima. Mishipa ya du-bu. Pu-mzi ya samaki." Wote wakalitazama beseni la migebuka. "Mate ya ndege. Bibi, nimemaliza."

Nikatoka. Mnaosema nilitokwa na povu la mashetani, ile ilikuwa dawa ya meno.

"Shikamoo mama. Hiyo si yako wewe, ni ya mbwa mwitu."

"Kumbe mimi ndiye mbwa mwitu?"

"Hapana mama, huyo F mwingine, miungu walikuwa wanamwogopa..."

"Miungu gani?"

"Ile ya... kuna mmoja anaitwa Tyr, alitia mkono mdomoni mwake, ukaliwa."

Kila nikifungua mdomo nazidi kuchimba. Balozi akaomba kuona chumba. Juu ya meza, kete saba, mojawapo ya pande 20. Mpangaji mwenzangu, ambaye namdai buku tano, akatamka kwa uhakika: "Hizo ni za ramli." Kisha kitambaa chekundu kikafunguliwa na sindano ikang'aa. Mmoja akasema "Yesu", mwingine "Astaghfirullah", kwa pumzi moja.

Balozi akaigeuzageuza. "Kijana, hii si ya Liyongo?"

"Ndiyo, mzee."

"Ya kitovuni?"

"Hiyohiyo, mzee."

Mzee wa Ujiji yule, hadithi ile aliisikia utotoni. Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye beseni. Yaliyobaki si ya kusimulia: nilieleza, nikaonyesha ramani za mchezo, nikalipa mwezi mmoja kwa simu palepale. Kete nimerudishiwa, isipokuwa ile ya pande 20, mjukuu kagoma nayo. Paka karudi Jumatatu, ana mimba.

Ila kuna kitu. Ngano inasema vibeti walivichukua vile vitu kwelikweli, ndiyo maana mpaka leo nyayo za paka hazina kishindo na mwanamke hana ndevu. Jumanne alfajiri mama kapita na ndoo yake, kidevu laini kama sahani. Nikamwamkia huku nimeikazia macho ndoo.