Mabamba mbona mmeiacha?

Asante mwandishi wa makala kwa kutuhimiza wananchi tutembelee maziwa yetu ya Uganda, lakini umetaja Bunyonyi na Mburo tu. Mabamba je? Kinamasi hicho kiko ukingoni mwa Ziwa Victoria, si mbali na Entebbe, na kimo katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2006. Huko ndiko kwa ndege aitwaye korongo-nyangumi! Nendeni asubuhi na mapema. Mtumbwi unapenya vichochoro vya mafunjo, mara unamwona: ndege wa kijivu, kimo chake kinapita mita 1, kasimama tuli hatikisiki. Ghafla anajitupa majini mzima mzima, anaibuka na kamongo mdomoni, majani na matope yakimchuruzika. Zamani wavuvi walimwona mkosi, wakamuua wakiamini anawafukuzia samaki. Leo baadhi yao ndio wanaoongoza wageni, na hakuna anayemjua ndege huyu kuliko wao. Ndugu zangu, nawasihi, msimshinikize mpiga kasia asogee karibu ili mpate picha ya simu. Ndege akishtuka anaacha windo lake, pengine hata kiota. Chukueni darubini. Na jaketi la kuokoa maisha vaeni, hata maji yakiwa shwari.